Kwa nini watu hulia kwaya inapoimba "Africa"

Mwaka 2008 kwaya ya Slovenia iitwayo Perpetuum Jazzile iliimba "Africa" ya kundi la Toto bila ala yoyote, na tangu video ya onyesho hilo iwekwe intaneti mwaka 2009 imetazamwa na mamilioni ya watu. Wengi husema jambo moja: mwili uliwasisimka, wengine machozi yakawatoka, na hawaelewi kwa nini, maana maneno ya wimbo wenyewe si ya kumliza mtu.

Mimi nafundisha kwaya hapa Moshi, na rekodi hiyo nimeshawachezea watu wa kila namna: wanakwaya wa parokia, wanafunzi wa sekondari, wazee wasiojua Toto ni nani. Naamini machozi hayo yana sababu inayoelezeka, ila wengi wanaitafuta pasipo penyewe. Wanasema ni ile mvua ambayo waimbaji huiigiza kwa mikono na miguu kabla ya kuimba. Mvua inachangia, lakini ukimtazama msikilizaji usoni badala ya kutazama skrini, utaona kwamba wakati wa mvua anatabasamu. Uso unabadilika mvua inapokwisha na sauti zinapoingia.

Kwa ajili ya asiyewahi kuiona, nieleze kinachotokea. Waimbaji wamesimama kwa safu. Wanaanza kusugua viganja, na unasikia kama upepo unaopita kwenye majani. Kisha wanapiga vidole, gumba kwa cha kati, mmoja hapa mwingine pale: hayo ni matone. Wanahamia mapajani, wanajipiga kwa viganja, na hapo mvua inamwagika. Halafu wanaruka na kutua kwa kishindo jukwaani, ngurumo. Mvua inazidi, inapungua, inarudi kuwa matone, inarudi kuwa upepo. Muda wote huo hakuna aliyefungua kinywa. Ndipo wanapoanza kuimba.

Zoezi la mvua hawakulibuni wao. Walimu wa muziki wa watoto wamelitumia miaka mingi madarasani na kambini. Kwaya nyingine nazo zimelifanya kwa wimbo huohuo. Angel City Chorale ya Los Angeles ilipanda nalo jukwaani katika shindano la America's Got Talent mwaka 2018, na katika shindano hilohilo ikaimba "Baba Yetu" ya mtunzi Christopher Tin, yaani Sala ya Bwana kwa Kiswahili chetu. Kwa mwalimu wa kwaya wa Kitanzania lile lilikuwa jambo la kufurahia sana.

Sasa twende kwenye ufundi, kwa sababu ndiko kuliko na jibu.

Mvua haina noti wala haina mapigo. Kila tone linaanguka kivyake, halijui jirani yake ameanguka lini. Sikio linatambua mvua kwa hilo hasa: maelfu ya vishindo vidogo visivyofuatana. Wanakwaya arobaini wakipiga vidole kwa mapigo ya pamoja, hupati mvua, unapata gwaride. Kwa hiyo mwongoza kwaya anapaswa kuwafundisha watu wake jambo ambalo hajawahi kuwafundisha, yaani wasisikilizane. Na hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Ukiwaambia wanakwaya wapige vidole ovyo, muda si mrefu wanaanza kufuatana bila kukusudia. Wanafizikia waliochunguza makofi ya kumbi za Romania na Hungaria waliandika katika jarida la Nature mwaka 2000 kwamba makofi yanayoanza kila mtu na lake mara nyingi hugeuka yenyewe kuwa mapigo ya pamoja, bila mtu kuamuru. Binadamu akiwa kwenye kundi huvutwa na mwenzake. Kwaya inayotoa mvua nzuri imejizuia isivutwe.

Tazama basi anachopewa msikilizaji. Kwa zaidi ya dakika moja sikio lake limekaa ndani ya sauti isiyo na mpangilio wowote, watu wengi ambao kila mmoja yuko peke yake. Halafu, ghafla kidogo, watu walewale wanaingia kwa pamoja, kwa pumzi moja. Kwangu mimi kinacholiza ni hatua hiyo, kutoka kutawanyika hadi kuwa kitu kimoja. Kwaya ikianza tu kuimba bila mvua, umoja huo upo vilevile, ila msikilizaji hausikii, kwa kuwa amezoea kwamba kwaya huimba pamoja. Ni lazima kwanza asikie watu hao wakiwa mbalimbali.

Umoja wenyewe nao si kamili, na ni vizuri usiwe kamili. Waimbaji kumi wa sauti ya kwanza hawawezi kushika noti kwa usahihi uleule wala kuingia kwa sekunde ileile. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazoipa kwaya upana wake, ule uzito ambao mwimbaji mmoja mbele ya kipaza sauti hawezi kuutoa hata aongezewe sauti kiasi gani. Sikio linajua hapa pana watu wengi. Walimu wanaotaka sauti zisuguliwe mpaka zifanane kabisa wanaharibu kitu. Nimesikia rekodi za namna hiyo zilizosahihishwa kwa kompyuta noti kwa noti, na wasikilizaji wangu husifu usafi wake kisha wanaendelea na mazungumzo yao.

Jambo la pili ni kwamba wimbo unajulikana. "Africa" iliandikwa na David Paich na Jeff Porcaro, wanamuziki wa Toto, ikatoka mwaka 1982, na Februari 1983 ikashika namba moja Marekani. Mtu mzima wa Ulaya au Marekani anajua kipande cha mwanzo cha kinanda kama sisi tunavyojua mwanzo wa "Malaika". Kwa hiyo mvua inaponyesha yeye anasubiri, anajua kinachokuja ila hajui kitakuja lini. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kwamba ubongo wa mtu anayesikiliza muziki aupendao hutoa dopamini, kemikali inayohusiana na raha, mara mbili: mara ya kwanza anapokisubiri kile kipande kinachomgusa, na tena kinapofika. Mpangilio huu wa kwaya umeurefusha muda wa kusubiri kwa kiasi ambacho redio isingekubali kamwe.

Hilo linaeleza pia kitu nilichokiona tena na tena hapa nyumbani. Wazee wasioujua wimbo hufurahia mvua, husema "hawa watu wana akili", kisha sauti zinapoingia wanatulia kwa heshima, basi. Vijana waliokulia kwenye redio za Kiingereza ndio wanaofuta macho. Umoja wa sauti huwagusa wote, lakini kusubiri kunahitaji kumbukumbu. Ukitaka kuwaliza wazee wangu, chukua wimbo walioimba wakiwa watoto, uucheleweshe kwa ustadi uleule. Nimeona ikitokea kwa tenzi za zamani ambazo mwalimu ameanza na besi peke yao wakivuma chini, wimbo haujatajwa, na kanisa zima linaanza kugeuka kutafuta sauti inatoka wapi.

Kuna na la kwenye noti zenyewe. Profesa John Sloboda wa Uingereza aliwauliza wasikilizaji ni vipande gani hasa vya muziki vinavyowagusa mwilini, akachapisha majibu mwaka 1991. Machozi yalikuja sana pale noti ya wimbo inapogongana na zilizo chini yake kisha ikatulia mahali pake. Msisimko wa mwili ulikuja pale ambapo upatanifu wa sauti zinazosikika pamoja unabadilika bila kutarajiwa. Sasa angalia wimbo huu. Katika rekodi ya Toto beti ziko kwenye ufunguo wa B, na kiitikio kiko kwenye ufunguo wa A. Kwa wanaosoma solfa: Do, ile noti ya msingi, imeshuka toni nzima. Nyimbo nyingi za namna hii zikitaka kusisimua hupandisha Do. Hii inaishusha, huku waimbaji wakipanda juu. Sakafu inashuka na dari inapaa kwa wakati mmoja. Msikilizaji asiyejua noti hata moja analihisi, na kwenye kwaya analihisi zaidi kwa sababu besi wanaoishusha sakafu hiyo ni watu wanaovuta pumzi mbele yake.

Toto wenyewe walitumia mashine kwa sehemu kubwa ya ule mvuto. Kipande cha mwanzo kilipigwa kwa kinanda cha Yamaha CS-80, na ile sauti inayofanana na kalimba ilitoka kwenye Yamaha GS1. Ngoma na konga za Jeff Porcaro na Lenny Castro zilirekodiwa, vikachaguliwa vipande vichache vilivyokaa vizuri, utepe ukaungwa ujirudie mwanzo hadi mwisho. Kazi nzuri sana ile, siidharau. Lakini kwaya ilipochukua kila kimoja cha hivyo ikakitoa kwa koo na viganja, sikio lilipata mshangao wa kusikia kitu linachokijua kikitoka mahali lisipopategemea.

Wapo wasikilizaji ambao hawalii, wanakasirika, na nataka kuwatendea haki. Kila ninapoicheza rekodi hii darasani, mwanafunzi mmoja lazima aulize: Kilimanjaro unaonekanaje Serengeti? Anasema kweli. Wimbo unausimamisha mlima juu ya Serengeti, wakati kati ya Kibo na nyanda za Serengeti pana zaidi ya kilomita 200, na katikati zimekaa nyanda za juu za Ngorongoro. Sisi tunaoamka na mlima huu mbele ya macho tunajua unaonekana kutoka wapi, na hata hapa siku nyingi haujionyeshi. Paich aliandika bila kuwahi kufika, akitumia alichosoma na kuona kwenye picha. Kwa hiyo bara zima linakuwa mvua, ngoma na wanyama, na watu wake hawaonekani.

Lalamiko hilo ni la haki na sitamwambia mwanafunzi alimeze. Ninachomwonyesha ni kwamba katika mpangilio huu maneno yamerudi nyuma. Muda ambao kwaya imetumia kwa mvua peke yake ni muda bila Kilimanjaro ya kubuni wala mbwa mwitu wanaolia usiku kwenye wimbo. Na mvua ni kitu ambacho Mchagga wa Marangu, mkulima wa Dodoma na Mslovenia wanaweza kukisikia kila mmoja kwa namna yake. Mama mmoja wa sauti ya pili aliposikia alisema mvua hiyo ni ya nje, haijafika kwenye bati. Alikuwa sahihi kabisa: mvua ya mapajani ni nene na laini, ni mvua ya kwenye migomba. Ya bati ingehitaji kitu kikali zaidi, pengine kucha juu ya meza.

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye namna ya kupokea. Wasikilizaji wa kumbi za Ulaya hungoja mwisho ndipo wapige makofi. Kwetu mtu akiguswa katikati anapiga kigelegele katikati, anasimama, anakuja mbele kumtunza mwimbaji, au anaingia kwenye sauti yake na kuimba. Mpangilio unaotegemea ukimya wa ukumbi, kama huu wa mvua, unaweza kuvunjika kwa kigelegele kimoja cha mapema, na kosa halitakuwa la mpiga kigelegele. Ni la mwalimu ambaye hakuwafikiria watu wake. Mimi siku hizi nikipanga wimbo unaojulikana naacha kwa makusudi nafasi ya kelele: mstari mmoja ambao kwaya inashikilia tu noti, besi chini, alto katikati, hakuna maneno, mpaka watu watulie. Kisha ndipo beti inayofuata. Kwaya zisizoacha nafasi hiyo hujikuta zikiimba beti nzima ambayo hakuna aliyeisikia.

Kwa walimu wanaotaka kuijaribu mvua yenyewe, anzeni kona moja ya kwaya na muiache isambae hadi kona ya pili, mtu akianza tu pale jirani yake anapokuwa ameshaanza kitambo. Hivyo mvua inasikika ikija kutoka upande fulani. Mwalimu asipige mkono hata kidogo, kwa sababu mkono ukionekana mapigo yanaingia. Mgeuzie kila mwanakwaya uso pembeni kidogo asiwaone wenzake vidole. Na ngurumo msiitegemee kama ukumbi wenu una sakafu ya saruji, kama zilivyo nyingi za kwetu: saruji haivumi. Jukwaa la mbao la kukodi linatosha, au wapandisheni besi na teno juu ya mabenchi imara yaliyofunikwa mbao nene. Nasi tumewahi kuweka ngoma moja kubwa nyuma ya pazia, ikapigwa kwa kiganja, na hakuna aliyelalamika.