Vidonge vya Sukari na Ini: Dalili Usizozilalia

"Dokta, hivi vidonge vya sukari si vitaniua ini?" Swali hili naulizwa dirishani kila siku ya kliniki, mara nyingi na mtu aliyekwisha kuacha dawa kimyakimya.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1997 Marekani ilianza kutumia troglitazoni, iliyouzwa kwa jina la Rezulin, kwa kisukari cha aina ya pili. Ilishusha sukari vizuri. Lakini kwenye majaribio, karibu wagonjwa 2 kati ya 100 vimeng'enya vya ini (kemikali za ini ambazo zikizidi kwenye damu huashiria kuwa ini linaumia) vilipanda kupita mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida. Uingereza iliiondoa sokoni Desemba mwaka huohuo. Marekani ikaendelea nayo, ikiagiza wagonjwa wapimwe ini mara kwa mara. Wengi hawakupimwa ilivyotakiwa, na wengine ini lilifeli kwa kasi, kabla ya siku ya kipimo kingine. Ilipoondolewa, Machi 2000, watu walikuwa wamekwisha kufa, na hilo linaniuma hadi leo.

Metformini, kidonge kingine cha sukari, haimo katika kundi hilo. Haivunjwivunjwi na ini, hutoka kwa mkojo ikiwa nzima. Ndiyo maana tunapima figo zako. Kuumiza ini kwake ni nadra mno. Glibenklamidi na akarbozi, navyo vidonge vya sukari, huweza kuliumiza, ila kwa wachache sana. Pioglitazoni ni ndugu wa troglitazoni, lakini hatari yake kwa ini imeonekana kuwa ndogo zaidi. Sukari iliyoachwa ikapanda ndiyo inayokula macho, figo na miguu, na ini la mwenye kisukari mara nyingi lina mafuta hata kabla ya kidonge cha kwanza.

Hata hivyo, ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea ilhali unakunywa maji ya kutosha, weupe wa macho umegeuka manjano, mwili unawasha bila upele, au kichefuchefu na maumivu chini ya mbavu za kulia havikomi, usijitibu malaria nyumbani. Nenda kituoni siku hiyohiyo, wakupime vimeng'enya vya ini na homa ya ini, na daktari aamue dawa ipi isimame.

Beba vidonge vyote unavyotumia, pamoja na panadoli za kila siku. Na ile chupa ya mitishamba iliyofichwa kabatini, tafadhali ije nayo. Hatutakugombeza.