Unawashwa usiku kucha na kipele hakuna? Kama unameza vidonge vya jimu, angalia ini

Kuna vijana wanakuja dirishani kwetu famasia kuomba setirizini, dawa ya mzio, anasema anawashwa, hapati usingizi, kajikuna mpaka mapaja yana michirizi ila ukiangalia ngozi haina hata kipele kimoja. Mimi nikiona hivo namuuliza kwanza mkojo una rangi gani. Akisema umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea, afu choo kimepauka, namsogeza kwenye mwanga nimvute kope, na mara nyingi jicho lishaanza unjano.

Hapo namwomba anitolee kila anachomeza. Mmoja alichomoa kwenye begi, katikati ya taulo na glovu, kikopo cha vidonge vya pinki hakina hata karatasi ya maelezo, kauziwa hapohapo jimu akaambiwa ni vitamini ya misuli. Lebo ilikuwa imechanika nusu lakini jina lilisomeka, metandienoni, ile wanayoiita Dianabol, steroidi ya kujenga misuli iliyotengenezwa kwa kuiga testosteroni, homoni ya kiume.

Iko hivi. Testosteroni ya kawaida ukiimeza ini linaivunja karibu yote kabla haijasambaa mwilini, kwaiyo wakemia walipachika kipande kidogo cha kaboni kwenye namba 17 ya ile molekuli ili ini lishindwe kuivunja, ndo tukapata metandienoni, stanozololi, oksandroloni na oksimetoloni. Ile kazi ya kaboni ndo inayoliumiza ini lenyewe, maana seli zinashindwa kusukuma nyongo itoke, nyongo inarudi kwenye damu, unaanza kuwashwa na kuwa wa njano. Mara nyingi ni ndani ya miezi 1 mpaka 4 tangu uanze. Wanaomeza miaka wanaweza kupata vifuko vya damu ndani ya ini, ambavyo vikipasuka mtu anavuja damu tumboni, na uvimbe, hata saratani.

Kuna mtego kwenye vipimo. Bilirubini, ile rangi ya njano ya kwenye nyongo, inaweza kupanda sana huku ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu seli zikiumia, zimepanda kidogo tu, mtu akafarijika bure. Na kubeba vyuma vizito kwenyewe kunapandisha AST na ALT kutoka kwenye misuli, kwaiyo mwambie daktari vyote, vyuma na vidonge, usimfiche.

Wenye pumu au lupasi wanaotumia prednisoloni, tafadhali msiiache ghafla kwa kusoma hapa, hiyo ni steroidi ya ukoo mwingine kabisa na kuikata ghafla ni hatari. Ila kama utaitumia muda mrefu omba upimwe hepatitisi B kwanza, maana inaweza kukiamsha kirusi kilichokuwa kimelala.

Tiba ni kuacha vile vidonge. Dawa ya kukata sumu yake haipo, tunakupa ya kupunguza mawasho, tunafuatilia ini na figo, na ini linajirudi lenyewe polepole, wiki kadhaa au miezi. Na jamani msiongeze juu yake dawa za mitishamba za kusafisha ini, mnalibebesha mzigo mwingine. Ukianza kuchanganyikiwa, kutapika damu au tumbo kujaa, usisubiri kesho.

Ukija, njoo na kikopo chenyewe hata kama lebo imechanika. Hatuiti polisi, tunataka tu kujua umemeza nini.