Maji ya mgodi: weupe si usafi

Kila masika, mto Sabaki unapofurika na kuitia bahari ya Malindi wekundu, simu za ofisi yetu ya mazingira hazipumziki: "Migodi imetumaliza!" Tuelewane. Wekundu ule kwa sehemu kubwa ni udongo uliomomonyoka huko bara, mto ungali unaitwa Athi na Galana. Kinachotutia wasiwasi sisi hakina rangi. Risasi, ile metali yenye sumu, ikiyeyuka majini haionekani wala hainuki.

Juzi mama mmoja alituletea maji ya kisima katika chupa ya soda, akaiinua dirishani. "Tazama mwanangu, meupe kama ya mvua. Nimetia shabu na nimechemsha." Shabu hutuamisha tope, si kinga ya risasi iliyoyeyuka. Kuchemsha huua vijidudu, lakini metali haifi, na maji yakipungua sufuriani, iliyobaki inazidi kukolea. Hili tumelisema mikutanoni mpaka sauti zimekauka.

Chupa yenyewe hatukuweza kuipokea. Sampuli ya kupima metali nzito huwekwa katika chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa asidi, kisha hutiwa asidi ya nitriki hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi; inaposhuka, asidi imezidi) ishuke chini ya 2, ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Iandikwe mahali, tarehe, saa na jina la aliyechota. Kikikosekana kimoja, majibu hayatasimama mahakamani.

Kwa wenye machimbo. Mawe yenye salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa, yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyeyusha metali. Dawa iliyozoeleka ni chokaa, na Malindi hatuhitaji kufundishwa chokaa; nyumba za mji wa kale zimesimama kwayo. Ndiyo maana mtu humimina gunia bwawani akaona kazi imekwisha. Haijaisha: chokaa hupandisha pH, na kila metali hutuama kwa pH yake. Chuma kilichokwisha kushika kutu hutuama pH ikiwa karibu 3.5. Shaba hungoja 7 au 8, zinki na risasi 9 au zaidi kidogo. Manganizi ni mkaidi: hutaka kupita 10, au kemikali ya kuioksidisha. Lakini ukipitiliza chokaa, zinki na risasi huyeyuka tena. Kwa hiyo ni hatua kwa hatua, kipimo mkononi, na mwisho pH irudishwe chini kabla maji hayajatoka.

Halafu kuna tope. Metali haikutoweka, imehama tu. Tope likiachwa ukingoni mwa shimo, mvua ijayo asidi ya mgodi huirudisha metali majini. Likaushwe, litunzwe mahali pasipovuja, na libebwe na mwenye leseni ya taka hatari. Na lile neno la "bahari ni kubwa" tuliache. Metali hutua katika matope ya mikoko, na kaa anaishi humo humo.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kumwaga majitaka bila leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilimtaka mwenye leseni apime kila siku na awasilishe rekodi kila robo mwaka. Ziliweka kiwango cha juu cha risasi kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Kwa uchafuzi, marekebisho ya 2015 yaliweka faini isiyopungua shilingi milioni 2 na isiyozidi milioni 5, na mahakama yaweza kuagiza mkosaji alipe gharama zote za kusafisha. "Sikujua" si utetezi. Wala ofisi haiwezi kumtaja mtu hadharani kabla ya vipimo, hata mkitupigia kila siku.

Mama yule tumempa chupa mbili zilizosuuzwa na kalamu isiyofutika. Tumemwomba asitie shabu safari hii.