Je, wajua kwa nini nasaba ya seremala asiyejua kuandika imehifadhika kwa karibu miaka 400?

Alipotakiwa kutia sahihi, Zacharie Cloutier alichora shoka. Alikuwa seremala wa Mortagne, katika jimbo la Perche nchini Ufaransa, na kuandika hakujua. Mwaka 1634 aliajiriwa na Robert Giffard, aliyekuwa amepewa ardhi ya Beauport karibu na Québec, akavuka Atlantiki pamoja na mwashi wa kwao, Jean Guyon. Mkewe, Sainte Dupont, na watoto wao nao wakahamia huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal wamehesabu kwamba hadi kufikia 1800, wazao wa Cloutier waliokwisha kufunga ndoa walikuwa 10,850. Hakuna mlowezi mwingine wa Kanada ya Wafaransa aliyemfikia.

Wamejuaje?

Kwanza, kwa madaftari ya parokia. Paroko aliandika kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko, na amri ya mfalme ya 1667 ikadai nakala mbili: moja ibaki kanisani, nyingine ipelekwe mahakamani. Tahadhari hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa mji wa mbao. Mwaka 1640 kanisa la Québec liliteketea pamoja na madaftari yake, ikabidi yaandikwe upya kwa kukumbuka tu. Iliwezekana kwa sababu walowezi walikuwa mia chache, na kila mmoja alijua nani kamuoa nani.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni majina ya wanawake. Mwanamke aliyeolewa aliendelea kuandikwa kwa jina la baba yake. Anne, binti wa Zacharie, aliwekeana mkataba wa ndoa na Robert Drouin mwaka 1636, mkataba unaohesabiwa kuwa wa kale kuliko yote nchini Kanada, na katika hati alibaki kuwa Anne Cloutier. Tena, hati ya ndoa kwa kawaida ilitaja baba na mama wa pande zote mbili. Kwa hiyo ukiipata ndoa moja, umeshapata majina ya kukupeleka kwenye ndoa ya kizazi kilichotangulia, na upande wa mama haupotei njiani kama unavyopotea katika nasaba nyingi za dunia.

Kinachosumbua ni lakabu. Abraham Martin, kwa mfano, aliitwa pia "Mskoti", na katika koo nyingi baadhi ya watoto walishika jina la ukoo, wengine wakashika lakabu. Padre Cyprien Tanguay alihangaika na mafundo hayo hadi akatoa kamusi ya nasaba yenye majuzuu 7, kati ya 1871 na 1890. Tangu 1966, chuo kile cha Montréal kimekuwa kikiyaunganisha madaftari hayo kwa kompyuta.

Lakini kalamu haikuwatendea wote sawa. Cloutier alipofika, Québec tayari ilikuwa na mtoto Mwafrika aliyeletwa utumwani, anayetajwa kuwa mzaliwa wa Madagascar. Alibatizwa 1633 akapewa jina la Olivier Le Jeune, Le Jeune likiwa jina la padre aliyemfundisha kusoma. Alizikwa huko 1654. Baba yake na mama yake waliitwa nani, hakuna hati inayosema.