Kinanda kukataa noti chache sio kufa
Huku Arua, Uganda, kinanda cha umeme cha kanisa kikikataa noti tatu nne utasikia ubao wa saketi wa ndani umeungua, tuchange tununue kingine. Jamani hapana! Kama noti zingine zinalia vizuri, mara nyingi ni uchafu tu. Chini ya vibonye kuna ukanda wa mpira wenye vidoti vyeusi vya kaboni, ukibonyeza vinagusa ubao sauti inatoka, sasa vumbi letu hili jekundu likiingia hapo katikati basi kimya. Chetu nilichomoa umeme, nikakifungua, nikapangusa ubao kwa pamba yenye spiriti, vile vidoti nikavigusa taratibu sana maana ukisugua kaboni inabanduka, nikaacha kikauke kabisa. Do ya kati, bubu tangu Pasaka, ikalia! Skrubu zipigie picha kabla, urefu wake unatofautiana.