Sayansi kwa umma: maana yake, na raha yake

Sayansi kwa umma ni sayansi inayosimuliwa kwa mtu ambaye hakuisomea. Mwandishi au mtangazaji huzungumza na watafiti, kisha hueleza kwa lugha ya kawaida walikuwa wanatafuta nini, walichokipata, na walijuaje kwamba ni kweli. Majarida kama Scientific American, lililoanza 1845, na New Scientist, lililoanza 1956, ndiyo kazi yao. Podikasti hufanya hivyohivyo kwa sauti, na kipindi ukishakipakua kwenye simu unaweza kukisikiliza ndani ya basi kutoka Masasi hadi Mtwara hata mtandao ukikatika.

Majarida ya kitaaluma ni jambo jingine. Humo mtafiti anawaandikia watafiti wenzake, na kazi yake hukaguliwa kwanza na wataalamu kabla ya kuchapishwa. Mtu wa kawaida akilifungua, ukurasa wa kwanza tu unamchosha.

Chukua mifupa ya Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913, wachimbaji wa kwetu chini ya msafara wa makumbusho ya Berlin walifukua huko mifupa ya dinosaria waliokufa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao leo amesimamishwa Berlin, na kichwa chake kinapita mita 13 kutoka sakafuni.

Katika shehena hiyo kulikuwa na pingili za mkia. Kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa za dinosaria aitwaye Janenschia. Mwaka 2019 watafiti wakauliza: kwa ushahidi gani? Janenschia alipewa jina kutokana na mifupa ya mguu wa nyuma, na mguu hauwezi kulinganishwa na mkia. Tena pingili zile zilifanana zaidi na za dinosaria wa China. Basi mkia ukapewa jina lake, Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera wa Lindi. Ripoti yenyewe imejaa vipimo. Msimulizi mzuri anaviacha vipimo, lakini hoja ya mguu na mkia haiachi, kwa sababu hapo ndipo msikilizaji anapoona jinsi wataalamu wanavyofikiri. Ikibaki "dinosaria mpya agunduliwa Tanzania" peke yake, hiyo ni habari tu. Na simulizi inayowasahau akina Boheti naiona pungufu, hata kama kila sentensi yake ni kweli.

Sayansi kwa umma si ushauri wa kitaalamu pia, ingawa huku kusini viwili hivyo hukaa karibu. Mkulima wa korosho akiambiwa "pulizia salfa sasa", amepewa maelekezo. Akielezwa kwamba ubwiriunga ni kuvu anayeshambulia maua na majani machanga, na kwamba salfa hukinga zaidi kuliko kuponya, hapo anaelewa kwa nini akichelewa hasara ni yake. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapo Mtwara, wameifanyia korosho kazi ya miaka mingi, na kazi kama hiyo inastahili masimulizi marefu, ya kusikilizwa jioni watu wakibangua.

Mengi ya kusoma na kusikiliza bado ni ya Kiingereza, na hilo linaniuma, kwa kuwa hamu ya kujua haichagui lugha. Hata hivyo anayeanza asivunjike moyo. Aanze na kitu anachokijua kwa macho yake: pweza, mikoko, upepo wa kusi, korosho. Msimulizi akitia chumvi atamgundua mapema, na akisema kweli atasikia jambo jipya kuhusu kitu alichokizoea tangu utotoni.