Kwa nini mawimbi huwahi kufika Tabora

Mama mmoja wa Kibirizi, Kigoma, alinikuta nachimba shimo la kufukia kipima tetemeko, akauliza, "Mwanangu, hiki ndicho kitatuambia litakuja lini tena?" Alikuwa na kumbukumbu ya Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipotikisa Ziwa Tanganyika. Nikamwambia, "Hapana, mama. Hiki kinasikiliza matetemeko ya mbali, tujue chini yetu kuna nini."

Ya mbali ndiyo yanayonifaa. Ardhi ikitetemeka Sumatra, mawimbi ya tetemeko huzama ndani kabisa ya koti la Dunia, yaani tabaka nene la mwamba lililo kati ya ganda la juu na kiini, kisha huibukia kwetu kutokea chini baada ya dakika kumi hivi. Yakipita kwenye mwamba wa moto hupunguza mwendo. Kwenye mwamba baridi hukaza. Ndiyo maana kila kituo kina antena ya kupokea saa ya setilaiti: tunachokitafuta ni kuchelewa kwa sekunde moja tu, pengine pungufu. Vituo vikiwa vingi, njia za mawimbi hupishana, na kompyuta huchora picha kama ile ya CT hospitalini.

Tabora imekalia mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mzizi wake baridi umeshuka kilomita 150 na ushei. Mawimbi huwahi pale. Ukienda mashariki, upande wa Manyara na Ngorongoro, yanachelewa. Chini zaidi, kilomita 2,900 mpakani mwa kiini, kuna eneo kubwa mno ambamo mawimbi hupunguza mwendo, dalili ya joto, chini ya kusini mwa Afrika, nalo linapanda kwa kuinama kuja Afrika Mashariki. Joto hilo likigota kwenye mzizi wa Tabora hutawanyika pembeni, na volkano zetu ziko pembeni kweli: Oldoinyo Lengai, Rungwe, Virunga.

Tafadhali, joto hilo linalopanda msiliite mto wa lava. Mawimbi ya S, yale yanayotikisa mwamba upande kwa upande, hayapiti kwenye kimiminika, na huko yanapita, ila polepole. Ni mwamba mgumu unaojongea sentimita chache kwa mwaka.

Wataalamu bado wanabishana kama nguzo hiyo ya joto ni moja au ni kadhaa. Mimi naegemea moja, iliyopasuliwa na mzizi huu. Kinachoninyima usingizi ni Kigoma yenyewe: ufa upo, ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini volkano hakuna hata moja karibu. Shimo la Kibirizi nililichimba kwa sababu hiyo.